Nimemficha mama majibu ya mapafu yake

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mtoto wa kwanza kati ya wanne, na ninaishi Dar es Salaam ambako nimeajiriwa kama karani. Mama yetu ana miaka 61 na anaishi Pangani, katika nyumba ile ile aliyotulelea. Tangu sijaanza shule mpaka leo, mama huamka saa kumi alfajiri, huwasha moto wa makumbi na vifuu vya nazi, huinjika chuma cha vitumbua juu ya mafiga, na ikifika saa kumi na mbili ndoo imejaa na wanunuzi wamesimama mlangoni. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonisomesha mimi mpaka chuo na kumpeleka mdogo wangu wa kiume chuo cha ufundi cha veta, kabla hajapata kazi Muscat anakofanya kazi sasa.

Mama hajavuta sigara hata siku moja, ila marehemu baba, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa akivuta ndani ya nyumba. Mwaka 1999 mama aliugua kifua kikuu, akameza dozi mpaka mwisho na akapona. Kwa miaka kama minane amekuwa na shinikizo la damu, na nakiri kwamba dawa zake alikuwa akizimeza siku anazojisikia vibaya tu.

Miezi mitatu iliyopita miguu yake ilianza kuvimba, kisha akawa hawezi kulala bila mito mitatu. Tukamleta Dar es Salaam akalazwa. Kipimo cha Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba moyo wake unasukuma kwa asilimia 35, na uchunguzi wa mishipa ukaonyesha kwamba mishipa mitatu ya moyo imebana. Madaktari walizungumzia upasuaji wa kufungua kifua. Katika maandalizi, siku ya tatu ya kulazwa, walimpa kipimo cha kupuliza ndani ya bomba. Nilikuwepo. Miguu ilikuwa bado imevimba, alikohoa kila mara, na alikuwa na haya mbele ya vijana wale waliokuwa wakimwambia apulize kwa nguvu zaidi, hata hewa ikawa inavujia pembeni ya mdomo. Walirudia mara kadhaa, kisha wakaniita mimi peke yangu koridoni wakanieleza kwamba pumzi anayoitoa katika sekunde ya kwanza ni asilimia 52 tu, kwamba hatari ya upasuaji imepanda kwa sababu hiyo, na kwamba wanataka asubiri wiki sita akitumia dawa za moyo na dawa ya kuvuta kwa mdomo, arudie kipimo, ndipo jopo la madaktari likae na kuamua.

Mama Mshauri, nilipotoka pale nilihisi kama nimehukumiwa mimi. Mama amebaki na nusu ya mapafu na theluthi ya moyo! Nimesoma mtandaoni kwamba mgonjwa wa moyo ambaye mapafu yake pia ni dhaifu hufa mapema kuliko wengine. Niliporudi wodini nilishindwa kumwambia. Nilimwambia tu kwamba kifua chake kina mafua ya zamani na kwamba atapewa dawa. Wadogo zangu na mjomba wote wanajua. Yeye hajui.

Sasa zimepita wiki mbili na familia imegawanyika. Mdogo wangu wa Muscat ameshatuma fedha na anasema upasuaji ufanyike hata kesho, kwa sababu kusubiri ni kumwua mama polepole. Mjomba, ambaye kwa mila yetu ndiye msemaji, anasema mtu mwenye kifua kibovu hapasuliwi, kwani jirani yake alipasuliwa moyo akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku nyingi na hakurudi nyumbani. Muuza duka la dawa naye amemwambia wifi yangu kwamba kidonge cha moyo cha kavediloli alichoandikiwa mama ni sumu kwa mtu anayebanwa kifua, na sasa sina hakika kama mama anakimeza. Na juzi wifi amenipigia simu akisema kwamba mama ameanza tena kupika vitumbua, na kwa moto ule ule, kwa sababu anasema mafua hayajawahi kumlaza mtu kitandani.

Jana usiku mama mwenyewe aliniuliza kwenye simu, "Lile bomba nililopuliza lilisema nini?" Nikamwambia majibu bado. Sijalala.

Je, nimwambie ukweli na kumvunja moyo ambao tayari ni mgonjwa? Tukubali upasuaji au tukatae? Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: kila nikikumbuka ule moshi wa alfajiri na mimi nikijisomea madaftari yangu pembeni, naona kama mimi ndiye niliyeyala mapafu ya mama yangu.

Mtoto wa kwanza, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale mama anapouliza juu ya bomba. Umeniuliza maswali mawili, kama umwambie na kama mkubali upasuaji, nawe umeyaandika kama mambo yanayosimama mbalimbali. Mimi nayaona yamefungamana, na nitajaribu kukueleza kwa nini, ingawa sitakuamulia lolote kati ya hayo, kwa kuwa mimi si daktari wa mama yako na wala si mwanawe.

Kwanza tuzitazame hizo namba mbili, kwa sababu naona ndizo zilizokunyima usingizi. Umesema mama amebaki na nusu ya mapafu na theluthi ya moyo, na ningekuwa mahali pako koridoni pengine ningezielewa hivyo hivyo. Lakini moyo mzima wa mtu mwenye afya hausukumi asilimia 100 ya damu iliyomo ndani yake. Kwa kawaida chumba kikubwa cha kushoto husukuma takriban asilimia 55 hadi 70 kila kinapopiga, na kiasi kinachobaki hubaki. Hivyo 35 ya mama hupimwa kwa kuilinganisha na hiyo 55 hadi 70. Ni upungufu mkubwa, sikufichi, ila si theluthi ya moyo. Vivyo hivyo 52 ya mapafu haina maana kwamba pafu moja limekufa. Maana yake ni kwamba, ukichukua wanawake wenye afya wa umri wake na urefu wake, hewa ambayo kwa wastani wangeitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, yeye ameitoa kwa kiasi cha nusu na kidogo. Ikithibitika kwamba tatizo lake ni njia za hewa zilizobana kwa ugonjwa sugu, basi katika ngazi nne ambazo madaktari huzitumia kupima ugonjwa huo, mtu aliye kati ya 50 na 79 huwekwa ngazi ya pili, ukihesabu kuanzia ile nyepesi.

Nimesema "ikithibitika" kwa makusudi, kwa sababu kuna jambo umeliandika ukalipita haraka. Mama alipuliza siku ya tatu ya kulazwa, miguu ikiwa bado imevimba. Moyo na mapafu, mwanangu, hufanya kazi kwa mfululizo: damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo hupita kwenye mapafu kabla ya kuufikia upande wa kushoto, na upande wa kushoto ukichoka kusukuma, damu hurudi nyuma kama maji ya mvua katika mtaro ulioziba mdomo. Maji yale yale yaliyovimbisha miguu huvuja pia ndani ya mapafu na wakati mwingine pembeni yake, moyo uliotanuka huchukua nafasi ndani ya kifua, na misuli ya kupumulia nayo hudhoofika. Mtu wa namna hiyo akipuliza, namba hushuka hata kama mapafu yenyewe yangekuwa salama. Juu ya hayo, kipimo hiki, ambacho madaktari hukiita spairometri, hutegemea sana juhudi ya anayepuliza, naye mama alikuwa akikohoa, ana haya, na hewa inavuja. Wahudumu walifanya vyema kurudia, na madaktari wamefanya vyema zaidi kuagiza kirudiwe baada ya wiki sita, maji yakiwa yamekwisha kutoka. Huenda namba ikapanda. Kiasi gani, hakuna awezaye kukuahidi, kwa kuwa kifua kikuu huacha makovu ambayo dawa ya kuvuta haiyafuti, na moshi wa miaka 30 na zaidi nao una sehemu yake. Katika ile 52 kuna sehemu inayoweza kusogezwa na kuna sehemu isiyosogea, na kwa kipimo cha siku ile peke yake ni vigumu kuzitenganisha.

Ulichosoma mtandaoni kina msingi wa kweli, na sitaki kukupoza kwa kukikanusha. Katika mji wa Framingham nchini Marekani, ambako watafiti walianza mwaka 1948 kufuatilia afya ya mioyo ya wakazi kwa miaka mingi, ilionekana kwamba watu wenye ujazo mdogo wa pumzi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya moyo kushindwa kazi na ya kufa mapema. Ndiyo maana madaktari wa moyo hawalipuuzi bomba lile. Lakini utafiti wa aina hiyo huzungumza juu ya kundi: husema kwamba kati ya watu wengi wenye pumzi ndogo, waliokufa mapema ni wengi zaidi kuliko katika kundi lenye pumzi kubwa. Hautaji jina la mama yako wala mwaka wake. Daktari huitumia namba hiyo kujua mahali pa kuweka mkono, na hivyo ndivyo ningependa nawe uitumie.

Sasa nije kwa siri. Umeniuliza kama kumwambia kutamvunja moyo. Swali lako lina dhana ndani yake, nayo ni kwamba mama kwa sasa hajui kitu na ana amani. Je, ni kweli? Yeye ndiye anayepumua kwa kifua kile, ndiye aliyeona sura yako uliporudi kutoka koridoni, na ndiye anayepiga simu usiku kuuliza bomba lilisema nini. Mtu asiyejua haulizi hivyo. Yawezekana anajua kwamba kuna jambo, ila anakosa mtu wa kulizungumza naye, na hofu ya namna hiyo huliwa peke yake gizani. Inawezekana pia nimekosea, na kwamba mama yako ni katika wale watu ambao hupenda mambo ya ugonjwa yasemwe na wakubwa wengine na yeye aletewe uamuzi tu. Wapo, na wanastahili heshima hiyo. Lakini hata hilo ni yeye wa kulisema, nawe waweza kumwuliza kwa upole kabla hujafungua mdomo: "Mama, majibu ya lile bomba ninayo. Ungependa nikueleze mwenyewe, tukamsikilize daktari pamoja, au ungependa nizungumze na mjomba kwanza?" Swali hilo halimvunji mtu.

Na hapa ndipo maswali yako mawili yanapofungamana. Wiki sita zile walizozitoa madaktari zina kazi ndani yake, na kazi yote ni ya mama: kumeza dawa bila kuruka siku, kuvuta ile dawa ya mdomoni kwa namna iliyo sahihi, kukaa mbali na moshi, kutembea kidogo kidogo, kupunguza chumvi. Wewe, mdogo wako na mjomba hamwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Aliambiwa ana mafua, na mtu mwenye mafua hurudi jikoni. Simlaumu, wala wewe sikulaumu, kwa kuwa ulisema lile neno kwa huruma. Nakuomba tu uipime huruma ile kwa kuutazama ule moto wa saa kumi alfajiri.

Juu ya moshi wenyewe niseme kidogo zaidi, maana watu wengi hudhani unaumiza kifua tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na kupikia kuni, mkaa na mabaki ya mimea, ilisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani, na katika kila vifo 10 vya namna hiyo, zaidi ya vitatu vilitokana na mishipa ya moyo kuziba. Kwa hiyo moto ule unaigusa mishipa mitatu ya mama pamoja na pumzi yake. Tena msije mkaona kwamba suluhisho ni kuhamia mkaa kwa sababu hautoi moshi mwingi: mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika, ambayo hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na moyo wenye mishipa iliyobana hauna akiba ya kuvumilia hilo. Mtungi wa gesi ungekuwa bora, na najua gharama yake kwa mtu anayeuza vitumbua kwa rejareja. Lakini mdogo wako ametuma fedha za upasuaji ambao haujapangiwa tarehe, na sehemu ndogo ya fedha hizo ingeweza kununua jiko na mtungi leo. Ikiwa mama atasema vitumbua vya gesi havinogi, basi wifi asimame motoni na mama akae upande unakotoka upepo akikoroga unga na kupokea fedha. Msimwondoe kwenye biashara yake kama mtu aliyekwisha kufa. Kazi ile ni jina lake pale mtaani.

Kuhusu kidonge, tafadhali ulizia leo hii kama anakimeza. Muuza dawa hakutunga jambo kutoka hewani: kavediloli ni katika dawa za moyo ambazo hugusa pia njia za hewa, na kwa mwenye pumu zinaweza kumbana. Lakini dawa za kundi hilo ni nguzo katika kutibu moyo uliodhoofika, kuziacha ghafla kuna hatari yake kubwa, na zipo nyingine za kundi hilo hilo, kama bisoprololi, ambazo huelekea zaidi kwenye moyo na ambazo wagonjwa wengi wenye ugonjwa sugu wa njia ya hewa huzitumia bila shida. Daktari aliyemwandikia anaweza kuambiwa kwa simu kwamba mama hubanwa na kwamba familia ina wasiwasi, kisha yeye ndiye aamue kubadilisha au kuacha kama ilivyo. Mumwulize pia mama anabanwa vipi, kwani kubanwa kwa kulala chali, pamoja na miguu kuvimba na uzito kupanda, huashiria zaidi maji ya moyo, na kifua kinacholia mluzi penye moshi au vumbi huashiria zaidi njia za hewa, ingawa mambo hayo huchanganyika. Mizani ya bei nafuu nyumbani itawasaidia: akipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, msisubiri kliniki.

Tuje kwenye upasuaji, ambapo mdogo wako na mjomba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa juu ya wagonjwa 1,212 ambao mioyo yao ilikuwa ikisukuma asilimia 35 au chini ya hapo kwa sababu ya mishipa kuziba, watu wa umri wa miaka 60 hivi, walio karibu sana na hali ya mama yako. Nusu walipasuliwa, wakapandikizwa mishipa ya kupitisha damu kando ya ile iliyoziba, na kupewa dawa, nusu walipewa dawa peke yake. Katika siku 30 za mwanzo waliopasuliwa walikufa wengi zaidi, na mjomba wako angesema, "Si niliwaambia?" Miaka ilipopita mizani ikageuka, na matokeo ya muda mrefu, yaliyotolewa mwaka 2016 baada ya kuwafuatilia kwa karibu miaka 10, yalionyesha kwamba waliokuwa wamekufa ni asilimia 58.9 ya waliopasuliwa na asilimia 66.1 ya waliopewa dawa tu. Faida ipo, nayo huchelewa kuja, na hulipiwa kwa hatari ya mwanzo. Wanawake katika utafiti ule walikuwa karibu 12 tu katika kila wagonjwa 100, kwa hiyo usiihamishe namba hiyo moja kwa moja kwa mama.

Mapafu yanaingia hapo hapo kwenye hatari ya mwanzo. Baada ya kifua kufunguliwa, kukohoa huuma, makohozi hubaki ndani, nimonia hupata nafasi, na mtu mwenye pumzi ndogo huchelewa kutolewa kwenye mashine ya kupumulia, jambo ambalo pengine ndilo lililompata jirani wa mjomba. Kwa sababu hiyo sikubaliani kirahisi na neno la mdogo wako kwamba kusubiri ni kumwua mama polepole. Kusubiri kuna hatari yake, maana moyo wenye mishipa iliyobana unaweza kushtuka wakati wowote, na maumivu ya kifua yasiyotulia kwa mapumziko yanataka hospitali saa hiyo hiyo. Lakini kusubiri kwa kujiandaa si sawa na kusubiri kwa kukaa. Mjini Utrecht, Uholanzi, wagonjwa 279 waliokuwa wakingojea upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, na waliokuwa na hatari kubwa ya matatizo ya mapafu, waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likafanyishwa mazoezi ya misuli ya kupumulia kwa dakika 20 kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi waliopata matatizo ya mapafu baada ya upasuaji ni asilimia 18, na wasiofanya asilimia 35. Katika zile wiki sita, mama yako amebakiwa na nne kabla ya kurudia kipimo. Mwulizeni daktari kama mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha, na kama kuna chanjo za mafua na nimonia zinazomfaa. Na zoezi la kupumua humfaa hata yule ambaye mwishoni hapasuliwi.

Njia ya kati, ya kuingiza waya kupitia mkononi au kwenye nyonga na kuacha stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, ndani ya mshipa, haifungui kifua wala haihitaji mgonjwa alazwe usingizi mzito, kwa hiyo kwa mapafu ni nyepesi zaidi. Watu wengi huiona kama upasuaji bila kisu. Hata hivyo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa 700 wenye mioyo dhaifu ya namna hii, haukuona kwamba stenti zilipunguza vifo au kulazwa kwa ajili ya moyo kuliko dawa nzuri peke yake kwa kipindi cha miaka zaidi ya mitatu. Zinaweza kusaidia maumivu ya kifua, na jopo linaweza kuona sababu katika mishipa ya mama ambayo mimi siioni. Na dawa peke yake, kama huko ndiko mtakakofika, isiitwe kuachwa. Ni matibabu yenye nguvu, mradi yamezwe kila siku, tofauti na vile vidonge vya shinikizo vilivyokuwa vikimezwa siku za kujisikia vibaya.

Unaona basi kwamba mzani huu una vitu vya aina mbili. Vingine ni vya madaktari: daktari wa moyo, mpasuaji na daktari wa usingizi watazame kipimo kipya waseme hatari ni kiasi gani. Vingine ni vya mama peke yake: kama angependa kuihatarisha miezi ya mwanzo ili apate uwezekano wa miaka, au angependa kuishi na kifua chake kilivyo, karibu na mlango wake na wajukuu, kwa muda utakaokuwepo. Mjomba ana heshima yake ya kusema kwa ukoo, na mdogo wako ana upendo wake, lakini fomu ya ridhaa ya mtu mzima mwenye akili timamu huwekwa sahihi na yeye mwenyewe, na siku hiyo daktari wa usingizi atamweleza juu ya mapafu yake, wewe ukipenda usipende. Fikiria kama ungependa alisikie kwa mara ya kwanza pale, akiwa na gauni la hospitali.

Ukiamua kumwambia, huhitaji kuanza na asilimia. Unaweza kuanza na kosa lako dogo, kwamba uliogopa ukasema ni mafua. Kisha useme kwamba lile bomba limeonyesha kifua chake kimechoka, kwamba sehemu ya uchovu huo huenda ni maji ya moyo, na kwamba madaktari wamempa wiki sita za kukiimarisha kabla hawajaamua. Mwache anyamaze kama atanyamaza. Ukiamua kutomwambia kwa sasa, basi walau zungumza na wifi juu ya moto na kidonge, na ujue kwamba utalazimika kutafuta neno jingine atakapouliza tena.

Limebaki lile ambalo hukumwambia mtu. Mwanangu, mapafu ya mama yako yamepitia kifua kikuu, sigara za marehemu baba yako, moshi wa kupikia chakula cha nyumba nzima hata kama pasingekuwa na kitumbua kimoja cha kuuza, na sasa maji ya moyo uliochoshwa na shinikizo la miaka minane. Hakuna daktari awezaye kuipasua ile 52 akakuonyesha kipande kilicholiwa na ada yako ya shule. Wala sidhani kwamba yeye, akikuona ukivaa nguo za kazini, huwa anahesabu pumzi. Lakini hilo pia unaweza kumwuliza, kwa kuwa yu hai na anakupigia simu. Pengine hilo ndilo zungumzo ambalo limekuwa likikukwamisha zaidi hata kuliko majibu ya bomba.

Nenda Pangani wikiendi moja kabla ya kipimo cha pili, kama kazi inakuruhusu, badala ya kuyasema haya kwenye simu. Siku ya kliniki mwombe mhudumu ampumzishe kidogo kabla ya kupuliza, na ikiwezekana awepo mwanamke pembeni yake, ili haya isimzuie. Kisha niandikie, nitapenda kujua bomba lilisema nini safari hii, na mama mwenyewe alimwuliza daktari nini.

Wako, Mama Mshauri